Mnyama wa Matope Aliyefika Kisegi

Katika miaka ile ya tisini niliacha kupakia malori Isebania nikaenda pwani, kwa sababu tu sikuwahi kuiona bahari. Huko nikapata kazi ya kuchimba kaa. Siku moja, maji yalipokupwa, niliona kwenye dimbwi kitu kama ua la zambarau limeota matopeni: minyiri kama mikono ya pweza, mirefu pembeni, mifupi katikati ikizunguka mdomo. Nikaligusa. Likatoweka, likabaki tundu.

"Wewe wa bara, huyo haliwi!" mchimbaji mwenzangu alinicheka nilipoanza kumfuata kwa mikono. Nilizama hadi begani ndipo nikaufikia mwisho wa mfuko wake. Ulikuwa laini kama ngozi iliyolowa, ameutengeneza mwenyewe kwa ute na mchanga. Hajishikizi kwenye mwamba. Anakaa ndani ya mfuko huo, ananasa vijidudu vinavyopita kwenye maji, na akishtuka anateremka mpaka chini kabisa.

Nilimtaka kwa ajili ya kaka yangu. Alikuwa mvuvi wa Kisegi, kando ya ziwa, na kwa miaka miwili miguu yake ilikuwa imekataa kumbeba. Hospitali walimrudisha nyumbani, watu wa kanisa walimwombea, mganga wa mitishamba akaja akaenda. Mimi niliyeacha shule darasa la sita ningemfanyia nini? Kila niliporudi nilimpelekea kitu cha kutazama: jiwe, manyoya ya ndege, kalenda ya zamani. Safari hii nilibeba ndoo ya rangi yenye matope, maji ya bahari na mnyama mmoja hai.

"Omera, ndugu yangu, umeniletea matope?" aliniuliza. "Hapa tuko nayo mingi."

"Ngoja afunguke."

Siku ya kwanza hakufunguka. Kaka aliweka ndoo karibu na kitanda, akaitazama kama anayemsubiri mgeni. Siku ya pili ilitokea minyiri mitatu, ikarudi. "Anatuogopa," kaka alisema, na nilimsikia akimwongelesha kwa Kijaluo, polepole, kama mtu anayebembeleza ndama.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda sokoni. Niliporudi maji ya ndoo yalikuwa safi, yanang'aa.

"Shemeji, yale yalikuwa yananuka," mke wa kaka alisema. "Kaka yako amesema nibadilishe. Nimeteka kule ziwani, mbali kabisa na yale magugu."

"Chambo hai hakikai na maji ya jana," kaka aliongeza. Alikuwa amelea samaki wadogo wa ndoano kwenye ndoo maisha yake yote. Ndivyo wanavyokaa hai: unamwaga, unateka mengine ziwani.

Maji ya bahari yalikuwa yamemwagwa kwenye migomba. Nilikimbia dukani kununua chumvi. Tulikoroga, tukaonja, mke wa kaka akatema. "Hii hata ugali itakataa!" Nikaongeza, nikaonja tena, na sikujua bahari ina chumvi kiasi gani, wala kama ni chumvi tu. Nilikuwa nimeogelea humo miezi mitano bila kujiuliza. Bahari iliyo karibu ilikuwa safari ya siku mbili.

Mchana mnyama alianza kutoka. Hakutoa minyiri tu, alitoka mwili mzima: mrefu, mweupe, umevimba, ukajilaza juu ya matope. Mfuko wake ukabaki nyuma kama soksi. Huko pwani sikuwahi kumwona aliye mzima akiuacha.

"Kumbe yuko hivi!" Kaka alijivuta hadi ukingoni mwa kitanda, akatia mkono ndani ya maji. Minyiri ililegea juu ya vidole vyake.

"Mguse na wewe," akasema, na ulikuwa muda mrefu sijamwona akicheka. "Ameshanizoea. Hajifichi tena."

Nikatia mkono wangu kando ya wake.