Albamu ya Zaina na Maumivu Yake

Siku yangu ya kwanza kazini nilitimuliwa kwenye chumba cha giza hata kabla sijajua taa yake inawashiwa wapi. Kosa lilikuwa mafuta ya nazi. Nilikuwa msichana wa Ngamiani, nimeoga, nimejipaka, nang'aa kama ninayekwenda kuposwa, na Mwenye Studio akaniambia nimwonyeshe viganja. Alikuwa mzee mwembamba, hacheki ovyo.

"Mkanda wa picha haupatani na mafuta," akasema. "Ukiushika hivyo, bibi harusi wa watu atatoka na alama ya kidole chako puani. Kaoshe kwa sabuni ya kufulia, urudi."

Nikaosha, nikarudi. Alinichukua mimi mwanamke kwa sababu harusi zetu zina upande wa wanawake, ambako mwanamume na kamera yake hakanyagi. Studio nyingine zilikuwa zikipiga picha za bwana harusi na masheikh, basi. Mwenye Studio akaona mbali. Ndivyo Rukia binti Salimu nilivyoingia katika kazi iliyonilisha mpaka nywele zikageuka mvi, na kwa hilo namwombea mzee yule kila Ijumaa.

Nyinyi wa simu za mkononi mnabonyeza na kuona papo hapo. Sisi tulikuwa tukipiga mkanda mzima bila kujua tumepata nini. Kisha unaingia gizani, unauzamisha mkanda kwenye dawa ya kusafishia, halafu kwenye dawa ya kugandisha ili mwanga usiile picha tena, unausuuza, unauanika na vibanio kama nguo za mtoto. Picha kwenye mkanda hutoka kinyume, cheusi cheupe na cheupe cheusi. Na hapo ndipo palipokuwa na utaalamu wa Mwenye Studio. Alikuwa na penseli aliyoichonga mpaka ikawa kama sindano. Kivuli cha chini ya macho ya mtu, kwenye mkanda, huonekana cheupe. Yeye alikijaza penseli taratibu, nukta baada ya nukta, na picha ikichapwa kivuli hakipo. Mashavu yaliyobonyea aliyajaza. Kovu alilifuta. Mtu aliyetoka kuugua homa mwezi mzima alipewa picha akajiona mzima, akaipeleka kwa ndugu zake Unguja.

"Watu hawaji hapa kupigwa picha ya ugonjwa," alikuwa akiniambia. "Mpige mtu. Ugonjwa wake muachie nyumbani."

Alinifundisha na kupanga albamu. Kuna mpango wake: bibi harusi anapambwa, wageni wanafika, maharusi wanaketi kwenye viti, kitanda kilichotandikwa, mwisho watu wanaagana. "Ukipanga vibaya," alisema, "bibi harusi ataondoka kabla hajafika, na wakwe watakuja kutugombeza."

Baada ya miaka kadhaa nilichukuliwa na hospitali moja, silitaji jina, kuwa mpiga picha wao. Bosi wangu huko alikuwa Daktari Mfawidhi, mtu wa bara, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha na moyo mwepesi. Kazi ilikuwa kupiga vidonda, uvimbe, tezi, miguu ya matende, ili wanafunzi wa udaktari wajifunze. Unaweka rula pembeni ionyeshe ukubwa. Uso unafunikwa shuka.

Siku ya kwanza nikamwambia mama mmoja mwenye tezi, "Inua kidevu kidogo, tabasamu." Daktari Mfawidhi akaniangalia weee.

"Bibi Rukia, hapa si harusini. Piga ugonjwa. Mtu muache."

Nikajifunza tena upya. Nilizunguka naye kliniki za mwambao, Pangani, Muheza, mpaka vijiji ambako gari lilikuwa likisukumwa kuliko kupandwa. Picha zile zilisaidia watu, sina shaka, na mshahara wa kazi hiyo ulisomesha wanangu. Simu zenye kamera zilipoingia, madaktari wakawa wanapiga wenyewe, nami nikaagwa kwa soda na kitenge. Nikafungua studio yangu ndogo Ngamiani: paspoti saizi, maulidi, harusi, na picha za watoto wanaolia.

Ndipo akaja Zaina.

Zaina ni fundi cherehani wa Pongwe, anashona nyumbani. Mumewe, Huseni, anaendesha lori la mawe. Aliingia studio asubuhi, amejitanda khanga, akanipa shikamoo, akakaa. Nikadhani anataka paspoti saizi.

"Bi Rukia, nataka unipige picha ya maumivu," akasema.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Nina selimundu."

Ugonjwa huo naujua tangu hospitali. Chembe za damu, ambazo kwa mtu asiye nao ni za mviringo, kwake zinajikunja kama mundu, zinakwamana kwenye mishipa, na mifupa inauma mtu anatamani kujichana ngozi. Anazaliwa nao na anaishi nao. Siku haujamshika, humtofautishi na mtu mwingine yeyote. Anacheka, anashona, anakwenda sokoni. Hapo ndipo balaa lake lilipokuwa.

"Mavyaa wangu anakuja kutoka Ushongo baada ya Idi," akaniambia, akimaanisha mama yake Huseni. "Anasema mimi mvivu. Ati akiwa hayupo nalala, akija nainuka. Amemwambia mwanawe anirudishe kwetu, atamtafutia mke anayefanya kazi. Huseni ananipenda, lakini ni mama yake, na safari hii naona atamkubalia. Nimeeleza mpaka nimechoka. Nataka aone."

Nikamtazama kuanzia unyayo mpaka utosi. Msichana mzuri, ngozi laini, hana jeraha, hana uvimbe. Penseli ya Mwenye Studio haikuwa na cha kufuta, na rula ya Daktari haikuwa na pa kuwekwa.

"Hakuna pa kupiga, mwanangu," nikasema.

"Ndiyo maana nimekuja kwa fundi."

Lo, alinishika pabaya. Nikamwambia arudi kesho, nami, si mchezo, siku ile niliunguza wali kwa mawazo. Aliporudi alikuwa ameshalipata jibu mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akilala na maumivu yale.

"Bibi, huu ugonjwa uliniposa kabla ya Huseni. Nilizaliwa tumeshaozwa. Nitengenezee albamu ya harusi yetu."

"Zaina, watu watasema."

"Wanasema tayari."

Basi tukaanza kazi, na niseme kweli, katika miaka yangu yote sijawahi kufurahia kazi kama ile. Zaina anawaza, mimi natafuta mwanga. Picha ya kwanza, kupambwa: mikono yake miwili imechorwa hina mpaka kwenye viwiko, na mahali pa asumini viganjani tukaweka vidonge vyake vya kila siku, vile vidogo vya manjano. Ya pili, wageni: tulipanga baiskeli za majirani ukutani kwenye mtaa wetu, na moja tukaitoa mnyororo. Ukiiangalia imesimama nzima kama wenzake. Panda sasa uone.

Ya tatu ilinitoa jasho. Maharusi kwenye viti. Zaina amevaa nguo yake ya harusi yenyewe, na kwenye kiti cha bwana harusi tukalaza kanzu tupu, haina mtu ndani, mkono wake mmoja umefungwa kwenye kifundo cha mkono wa Zaina. Hakutaka kutumia kanzu ya Huseni, akaogopa kisirani. Nikatoa ya marehemu mume wangu, nikamwomba radhi moyoni. Nadhani aliridhia, maana alikuwa mtu wa kupenda kusaidia.

Nilipokuwa nikizitengeneza picha kwenye kompyuta, vidole vyangu vikaenda vyenyewe kwenye macho yake kuondoa umanjano kidogo wa selimundu, ambao sikuuona mpaka pale. Mafunzo hayo, hayatoki. Zaina alikuwa nyuma yangu. "Niachie macho yangu, bibi," akasema. Nikayaacha.

Siku tuliyokwenda kwake Pongwe kupiga kitanda, maradhi yakamshika. Niliona uso umebadilika, akakaa chini sakafuni, akajikunja, akawa anahema na kuuma upindo wa khanga. Mimi wa hospitali nikainua kamera. Akatikisa kichwa.

"Kwenye hiyo nitakuwa mgonjwa tu," akasema alipopata pumzi. "Mimi mwenyewe sitakuwamo."

Nikaiweka kamera chini, nikampa maji, nikamfunika blanketi, nikakaa naye mpaka Huseni akaja tukampeleka hospitali. Kitanda tulikipiga wiki nyingine. Shuka jeupe limenyooshwa, maua ya asumini yamemwagwa juu, mito miwili. Na katikati, chini ya shuka, tuliweka mbuzi ya kukunia nazi, ulimi wake wa chuma umeelekea juu. Shuka limeinuka kidogo tu, na ukisogeza macho unayaona meno yake yamejichora kwenye kitambaa.

Ukurasa wa mwisho, wa kuagana, Zaina akasema tuuache mtupu.

Mavyaa akafika. Mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache na yote ya ncha. Zaina aliniomba niwepo, nami nikajifanya nimekuja kuchukua gauni langu, kamera imo mkobani. Salamu zikaisha, hali za Ushongo zikaulizwa. Kisha Zaina akafanya ambalo kila mkaza mwana wa pwani hufanya mgeni akiketi: akamwekea albamu mapajani, akaenda jikoni kutengeneza juisi ya ukwaju. Mgeni akipewa albamu haifungi njiani. Adabu ni kuitazama mpaka mwisho, na kuuliza huyu nani na huyu nani. Kama ingekuwa maneno, mama yule angeinuka. Albamu ikamkalisha.

Akafunua hina. Akafunua baiskeli, akakunja uso. Kwenye ile kanzu tupu akaniangalia mimi, nami nikaangalia dari. Akafika kitandani. Akaweka kidole juu ya picha, akakiondoa haraka, kama kimechomwa.

"Nani kaweka mbuzi kitandani?"

"Mimi, mama," Zaina akajibu kutoka mlangoni, sinia mkononi. "Ndivyo ninavyolala."

"Kila siku?"

"Si kila siku. Yakinishika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia tangu mwaka wa kwanza."

"Ulisema unaumwa. Kuumwa kila mtu anaumwa." Alisema lile lakini sauti ilikuwa imepungua. Mwanamke aliyekuna nazi tangu ana miaka saba hahitaji kuelezwa meno yale. Akafunua ukurasa wa mwisho. "Na hapa?"

"Hapo angekuwa anaondoka. Haondoki, mama."

Mavyaa akarudisha kurasa nyuma, moja moja, mpaka mwanzo. Nikajua anatafuta nini, maana nimetengeneza albamu maisha yangu yote na kila mtu akipewa hufanya hivyo hivyo.

"Mimi mbona simo?" akauliza.

Zaina akaweka sinia chini. "Hukuwepo, mama."

Nilitamani ardhi ipasuke nipotee. Kisha yule mama akainuka, nikadhani anakwenda kumtafuta mwanawe. Akaenda jikoni, tukasikia sufuria. Akarudi na maji ya moto kwenye beseni na taulo, akaketi kwenye mkeka, akaivuta miguu ya Zaina mapajani pake, akaanza kuyakanda magoti yale taratibu, kama mzazi aliyejifungua anavyokandwa.

"Bi Picha," akaniambia bila kuinua uso, "hiyo kamera uliyokuja nayo kuchukulia gauni, itoe. Nipige hapa."

Nikapiga. Niliharakisha asije akaghairi, picha ikatoka na ukungu kidogo. Sikuitengeneza.

Studio nimeifunga, macho hayanisaidii tena. Namshukuru Mwenye Studio aliyenifundisha kumpenda mtu anayeketi mbele yangu, na Daktari Mfawidhi aliyenifundisha nisikimbie kinachouma. Lakini aliyenifundisha kuviweka hivyo viwili katika picha moja ni mshona nguo wa Pongwe, nikiwa tayari bibi wa wajukuu. Mungu alinichelewesha kazini mpaka nikampata, alhamdulillahi. Msidhani amepona, selimundu haiondolewi na albamu. Lakini Huseni hajasikia tena habari ya mke mwingine, na mavyaa akija anakuja na nazi zake, anazikuna mwenyewe.

Juzi mavyaa alinipigia simu. "Mwanangu kalala leo, yamemshika," akasema. Mwanangu, si mkaza mwana. "Mimi namkanda. Wewe njoo ukae upande wa pili umchekeshe."

Nikajitanda khanga nikatoka. Nimefika nusu ya njia ndipo nikajiona mikono mitupu, sina mkoba, sina kamera, nami sikurudi kuchukua chochote.