Unga Kidogo wa Kumpokea Erik

Jamani, kuna kituo cha zimamoto hapa Minneapolis ambacho mimi kabla ya kupita mbele yake navuka kwanza barabara, nashusha kofia mpaka machoni, natembea haraka kama mtu aliyeiba, na mume wangu huwa ananiuliza, "Mama Zuhura, una nini na wale watu?" namjibu ni upepo. Si upepo, ni aibu, na leo naiandika yote humu daftarini, na kila mtu nitampa haki yake, maana siku ile hakuna aliyenikosea isipokuwa mimi mwenyewe (na labda kidogo mlango, nitaeleza).

Miaka ile ya tisini mume wangu alikuwa ameshamaliza masomo na amepata kazi ya ofisini kule Plymouth, na mimi na darasa la saba langu la Masasi nikapata kazi ya kupika kwenye nyumba moja jirani na chuo kikuu, nyumba kubwa ya matofali mekundu yenye herufi tatu za Kigiriki juu ya mlango. Wanaishi humo vijana arobaini wa chuo na wanaitana ndugu, tena si kwa mdomo tu, mmoja akiugua wanapokezana kumpelekea supu, mmoja akifeli mtihani nyumba nzima inanuna. Mwanzoni nilidhani ni bweni. Kumbe kukaa mule lazima uingizwe, na kabla ya kuingizwa wale wapya wanakaa wiki nyingi wakifundishwa majina ya waliotangulia, nyimbo za nyumba, namna ya kumheshimu mkubwa, wanafagia, wanaosha vyombo vyangu (hapo sikulalamika), halafu Jumamosi moja, Desemba inapoanza, wanavaa suti nyeusi, wanapelekwa ukumbini, na mlango unafungwa.

Nilipoelewa hivyo nilishika mdomo. Kumbe na hawa wana jando! Nilikuwa nimeambiwa tangu natoka nyumbani kwamba Wazungu hawana mila, kila mtu na lake, nami nikaamini, maana nani alikuwa amenionyesha vinginevyo? Tangu siku hiyo nikawa nawatazama wale watoto wakigombania soksi kwenye korido na moyoni nawaheshimu.

Kati ya wapya tisa wa mwaka ule alikuwepo Erik, mrefu, mwembamba, mwenye haya, ukimtaja jina tu masikio yanakuwa mekundu. Mara tatu alitaka kuacha. Idadi naijua kwa sababu zote tatu alikuja kuniambia mimi jikoni, nikawa namenya viazi naye anamenya viazi, na viazi vilipokwisha naye alikuwa ameshaghairi. Kilichomrudisha ni babu yake. Babu aliingizwa nyumba ile ile akiwa kijana, na sasa alikuwa kwenye kiti cha magurudumu huko kaskazini kabisa, moyo umechoka, na daktari ameshawaambia ndugu kwamba baridi hiyo huenda ikawa ya mwisho kwake. Mzee alikuwa ametaka jambo moja, amwone mjukuu wake akiingizwa na aweke mkono wake mwenyewe begani kwake.

"Nikiacha, Mama," Erik aliniambia, "nitamtazamaje?" (Wote waliniita Mama. Niliwafundisha na shikamoo, wakawa wanaitumia kuombea kuku wa pili.)

Basi Jumamosi ikafika, na babu yake Erik akaletwa na kiti chake. Todd, mwenyekiti wao, kijana makini anayenyoosha hata soksi zake, akaja jikoni. "Mama, ukishapanga chakula, saa nane mchana uwe umeondoka. Shughuli yetu watu wa nje hawaioni. Tafadhali." Alisema tafadhali mara mbili, hilo lazima niliandike. Nikamwambia sawa, mwanangu.

Saa nane ikanikuta nimeshavaa koti na glavu. Nikajiuliza, huyu mtoto amemenya viazi vyangu miezi mitatu, leo anatoka jandoni, na mlangoni hakuna mwanamke hata mmoja wa kumpokea? Kwetu wanaotoka wanapokewa na mama zao na shangazi zao, vigelegele mpaka koo linakauka, na unga kidogo unanyunyizwa vichwani uwe baraka. Mtu kutoka kimyakimya kama anatoka benki, hapana. Nikavua koti. Yote yaliyofuata yalianzia kwenye kuvua lile koti. Nikachota unga konzi mbili nikautia kwenye mfuko wa aproni (wa ngano, kwetu ungekuwa wa mtama, lakini ningeupata wapi), nikaenda kujibanza kwenye korido mbele ya ukumbi.

Nikangoja. Nikaingiwa na wasiwasi kwamba nitakosea wakati, nikasema nichungulie kidogo tundu la ufunguo nijue wamefika wapi.

Nilichokiona siandiki, na mbele mtaelewa kwa nini. Naandika nilivyojisikia tu. Vinyweleo vilinisimama mikono yote miwili. Wale wa kumwaga maziwa mezani, wale wa kulala na viatu, walikuwa wamesimama kama watu wa zamani sana, na sauti ya yule babu yake Erik ilikuwa inasema nao polepole, na hakuna aliyekohoa. Nilisahau kwamba nimepiga magoti sakafuni. Nilisahau Marekani. Machozi yalinitoka, na sijui nilikuwa namlilia nani, nadhani mama yangu.

Ghafla kitasa kikageuka. Sasa, mlango ule ulikuwa na tabia ya kugoma, siku zote unauvuta mara tatu ndipo ukubali, na laiti ungegoma siku ile ningepata nafasi ya kufikiri. Ulifunguka mara moja. Nikajua wanatoka! (Kumbe mzee koo lilikuwa limemkauka, na Todd alikuwa anatoka kumtafutia glasi ya maji, basi.) Nikasimama, nikafungua koo, nikapiga kigelegele cha kwanza tangu niondoke Tanzania, kilikuwa kimekaa ndani miaka minne, kikatoka chote, na mkono nao ukarusha unga.

Mnaojua mambo ya jikoni nadhani mmeshashika vichwa. Todd alikuwa na mshumaa mkononi. (Mishumaa naweza kuitaja kwa sababu hata wazimamoto waliiona.) Unga ukiwa kwenye gunia ni chakula, ukiwa hewani juu ya moto ni petroli. Ukalipuka bwuu! Ulimi wa moto mpana kama kanga ukapanda mbele ya uso wa Todd, ukazimika hapo hapo, ukaondoka na nusu ya unyusi wake wa kushoto. Nusu, sipunguzi wala siongezi. Unga uliobaki ukawashukia wapya tisa na suti zao. Kengele ya moto ikaanza kulia nyumba nzima, na sheria ya nyumba ni kwamba kengele ikilia wote mnatoka nje.

Tukatoka. Theluji kwenye vifundo vya miguu, baridi ya kukata masikio, vijana wenye suti, wengine weusi, wengine weupe kama wametoka kusaga, na mzee amebebwa na watu wanne pamoja na kiti chake. Nikamfunika koti langu nililolipitia jikoni, nikashindwa hata kumwangalia usoni. Ng'ambo ya barabara kuna nyumba ya wasichana wa chuo, kila dirisha lina vichwa vitatu. Mmoja wao alikuwa amesikia sauti yangu akapiga simu kwamba kuna mwanamke anauawa. Hakukosea. Na mimi ningepiga.

Gari la zimamoto likaja na king'ora chake, akashuka mkubwa wao, baba mwenye masharubu. "Tumeambiwa kuna mwanamke anapiga mayowe. Yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Umeumia wapi, mama?"

"Sijaumia. Nilikuwa nafurahi."

Akanitazama, akautazama unyusi wa Todd, akanirudia. "Ulikuwa unafurahi namna gani? Maana lazima niandike ripoti."

Nikajaribu kueleza, Kiingereza kikaniishia katikati, basi nikaona nimwonyeshe tu. Nikapiga, pale pale kwenye theluji, mbele ya watu wote. Mbwa wa mtaa mzima wakabweka, mzimamoto mmoja akaruka, na wasichana wa ng'ambo wakapiga makofi wakaomba tena. Yule baba akaandika mstari mmoja, akaufuta, akaandika mwingine. Aliniaga kwa heshima kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Lakini hiyo bado ilikuwa aibu ya mtu mmoja. Kubwa ilikuwa ndani. Tuliporudi Todd alichukua kitabu cha kanuni zao, akasoma kwa sauti ndogo kwamba mtu wa nje akiiona shughuli, shughuli imevunjika, na wapya wanasubiri mpaka theluji iyeyuke, mwezi wa nne. Kila mtu akahesabu miezi kichwani, na hakuna aliyethubutu kumtazama mzee. Erik alikuwa mweupe kuliko unga.

Halafu Todd akafunga kitabu akanigeukia. "Ila Mama hakuona kitu. Mlango ulifunguka na moto ukawaka papo hapo, ukamziba macho. Si ndiyo, Mama?"

Mtoto yule, niliyemchoma uso, alikuwa ananifungulia njia ya kutokea. Naliandika hili kwa wino mzito. Watu wote wakanitazama, nikafungua mdomo niseme ndiyo, walahi nilikuwa nasema ndiyo, na kilichotoka ni, "Nilichungulia kwenye tundu la ufunguo. Kama dakika tano." Kisha nikaingiwa na shaka na ile tano, nikaongeza, "Au sita."

"Mungu wangu, sita!" mtu akasema nyuma.

"Mama," Erik akasema, "kwa nini usingenyamaza tu?"

Swali hilo ninalo mpaka leo. Ningenyamaza, wale tisa wangeanza udugu wao juu ya uongo wangu. Lakini mimi nani, mpishi, nichague kati ya ukweli na baridi ya mwisho ya mzee wa watu? Usiku nikikosa usingizi nabishana nalo, siku nyingine nashinda, siku nyingine nashindwa.

Mzee akaniita kwa kidole. "Sogea. Uliona nini hasa?"

"Siwezi kusema, mzee wangu."

"Huwezi?"

"Kwetu na sisi tuna mambo ya namna hii. Aliyeyaona hasemi. Mume wangu nimezaa naye watoto wawili, hajui nilichofundishwa nilipochezwa unyago, na ameniuliza sana."

Mzee akacheka mpaka kikohozi kikampanda, ndipo mtu akakumbuka kumletea yale maji. Alipokunywa akawageukia vijana. "Ninyi. Wangapi mmeshawasimulia wasichana wenu siri za nyumba hii?" Viatu vikawa na kitu cha kutazamwa. "Huyu hajaapa na ameshafunga mdomo. Mwapisheni kunyamaza, halafu tuanze upya tangu mwanzo. Mimi nipo mpaka theluji ifunge barabara."

"Kitabu hakisemi hivyo, mzee," Todd akasema.

"Kinakataza?"

Todd akafunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. "Hakikatazi."

Wakapiga kura. Mikono yote ikapanda isipokuwa mmoja, wa kijana mmoja mpole aliyesema leo tumelegeza kwa Mama, kesho tutalegeza kwa nani. Naye alikuwa na hoja. Sikumpunguzia chakula hata siku moja.

Basi nikaapa. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, aproni ina unga, soksi zimelowa theluji, nimesimama kwenye mstari na watoto wa miaka kumi na nane, na maneno niliyoyasema siyaandiki hata humu. Nitasema tu kwamba hakuna aliyecheka, na mimi nikashikwa na hofu ile ile ya nilipokuwa mwali, hofu ya kusimama mbele ya kitu kilichokuwepo kabla yako na kitakachobaki ukiondoka. Nikapelekwa jikoni. Nikafunga mlango mwenyewe, nikaegemeza kiti, nikakaa karibu na sinki saa nzima na nusu bila kugusa hata kijiko.

Walipotoka Erik alikuwa anasukuma kiti cha babu yake, masikio mekundu kama nyanya, na kwenye bega la suti yake nyeusi, juu ya unga ambao hakuna aliyeupangusa, vilikuwa vimechorwa vidole vitano vya mzee, wazi kabisa, mpaka kidole gumba. Mzee akanipungia mkono. Nilitaka kupiga kigelegele, nikang'ata ulimi.

Mzee hakuifikia masika, Mungu amrehemu. Erik alikuja jikoni kuniambia, akakaa, tukamenya viazi.

Mume wangu bado ananiuliza mlikuwa na nini mule ndani, namwambia kula, chakula kinapoa. Kwa hiyo nina viapo viwili katika nchi hii. Cha kwanza nimeshawaambia sikisemi. Cha pili nilijiapia mwenyewe: nikiambiwa saa nane uwe umeondoka, saa nane kasorobo mimi niko barabarani, na nisichokishuhudia nitakionea fahari nikiwa huko huko nje.