Mlango Namba 8000

Ijumaa Baba alifungwa bandeji machoni, wodini, hospitali ya macho ya Ruharo. Maumivu hakuyalalamikia. Alilalamikia Jumapili, kwa kuwa kwaya yake ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale ingeimba bila yeye kwa mara ya kwanza, tena wimbo aliowafundisha mwenyewe. Nikajitapa kwamba atawasikia hapo hapo kitandani.

Jumapili dada yangu alikuwa kanisani Nakivale na kompyuta niliyoitayarisha, maikrofoni ikiielekea kwaya. Sauti ilipaswa kutokea mlango namba 8000. Kompyuta ina milango mingi ya aina hiyo. Mafundi tunaiita poti. Misa ikakaribia, simu yangu pale wodini ikabaki bubu. Dada akapiga: "Mbona huku iko muzuri? Mimi nasikia!" Nikamkaripia kana kwamba kosa ni lake.

Baba alikuwa ametega sikio. "Yeye iko ndani," akasema. "Mutu hapigi hodi kwake. Tuma wa inje, agonge."

Mzee asiyewahi kugusa kompyuta! Kwa simu nikaingia kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi yetu iliyoko Nyamitanga, nikaandika skripti ya maagizo, mistari minane: nenda Nakivale, bisha mlango 8000, ngoja sekunde tano, niletee jibu. Jibu likaja: umefungwa. Nikaituma mlango 80: wazi. Basi njia ilikuwa nzima, na aliyefunga ni mimi. Tangu tukimbie Burundi nafunga kila kitu mara mbili, hata choo. Ile kompyuta niliiamuru isimfungulie mgeni, isipokuwa kwenye ule wa 80, na amri yenyewe nikaisahau.

Nikamsomea dada amri ya kufungua, herufi kwa herufi. Nikaituma skripti tena. Wazi. Neno moja tu. Kazi hii naifanya kila wiki, lakini siku ile niliogopa kama mtu aliyeona muujiza: kitu kisicho na miguu kimefika kwetu na kurudi kabla sijapumua.

Kwaya ikaingia wodini. Baba akainua mkono wenye dripu, akaanza kuwaongoza, bandeji zikilowa.

"Sauti ya pili banachelewa," akanong'ona. "Umuambie dada yako."

Misa ilipokwisha nikataka kufunga, kama kawaida yangu. Baba akanishika kiganja.

"Uache kwanza," akasema. "Bado banapanga mabenchi."