Dada Chokaa na Chumba cha Mlinzi

Saa nne asubuhi, binti mwembamba anatembea kinyumenyume kichochoroni, kainama, akimwaga chokaa kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga. Watu wawili wanamfuata wamebeba ufito kwa ubavu, mmoja huku, mwingine kule. Urefu wa ufito huo ni upana wa gari la wagonjwa, pamoja na nafasi kidogo ya kupumua.

"Dada Chokaa, huyu mwenzangu ananivuta," analalamika muuza mkaa, aliyeshika upande wa kushoto.

"Sivuti, shemeji. Ni wewe unatembea kama bibi harusi," anajibu msukuma mkokoteni.

Muuza mkaa anacheka mpaka ufito unatikisika. Chokaa inasubiri.

Dada Chokaa, kama wanavyomwita hapa, ana miaka ishirini na sita. Anasomea shahada ya pili ya mipango miji, na yuko mtaani kwa ufadhili unaowatoa wanafunzi kama yeye darasani kwa miezi kumi, wapange pamoja na wakazi wenyewe. Amepanga chumba nyuma ya kinyozi. Maji anachota bomba moja na wenzake, na akichelewa kurudi, jirani humkingia ndoo yake.

Kazi aliyopewa ni njia. Kichochoro hiki kina kaya mia moja na arobaini, na gari haliingii. Mwaka jana mama mjamzito alibebwa juu ya mlango uliong'olewa hadi barabara kuu. Alijifungua salama na mlango ukarudishwa mahali pake, lakini hakuna anayetaka kuubeba tena.

Mchoro wake wa kwanza ulipendwa. Njia ilinyooka, ikapita juu ya chumba kimoja tu, ambacho alikiandika kuwa ni kitupu.

"Nilipita asubuhi, nikapita mchana, wiki nzima. Kufuli liko nje," anasema. "Nikajua hamna mtu."

Kisha mvua ikamkuta pale. Akajibanza chini ya bati la chumba hicho, akasikia mtu anakohoa ndani. Alikimbia kwa muuza mkaa akihema, akidhani kuna mtu kafungiwa.

"Nikamwambia, tulia mwanangu, huyo ni mlinzi," anakumbuka muuza mkaa. "Anakesha kazini, mchana analala. Mkewe akienda kufua nguo za watu anamfungia kwa nje, ili watu wakiona kufuli wapite, wasimgongee. Ufunguo ananiachia mimi. Akitaka kutoka, anagonga bati."

Huo ufunguo muuza mkaa anautunza miaka yote, wala halipwi.

Mlinzi na mkewe ni wapangaji. Chumba kikivunjwa, fidia ni ya mwenye nyumba. Wao hawana pa kwenda. Dada Chokaa angeweza kunyamaza, maana kamati ya mtaa ilishapitisha mchoro. Badala yake alisimama mbele ya kamati, akasema amekosea.

Mwenyekiti, fundi seremala, hakufurahi. "Nilimuuliza, binti, watu wameshashangilia, sasa unaturudisha nyuma? Kwa ajili ya nani? Mtu ambaye hata mkutanoni hatujawahi kumwona."

Hawakuwahi kumwona kwa sababu mikutano hufanyika mchana.

Njia ingeweza kupinda kidogo kabla ya chumba hicho. Lakini ikipinda, inaingia kwenye karakana ya mwenyekiti mwenyewe. Kamati ilibishana juu ya karatasi mpaka ikachoka. Ndipo Dada Chokaa alipoomba chokaa na ufito, watu wakaone kwa miguu yao.

Sasa wamefika kwenye kona. Ufito unagonga nguzo ya karakana. Seremala anatoka, penseli sikioni. Leo mlinzi amekubali kukatisha usingizi. Amesimama mlangoni kwake, macho mekundu, vifungo vya shati amevifunga kombo.

"Shikamoo, mzee," anasema.

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe." Seremala anamtazama. "Na hii misumeno yangu inayolia ukutani kwako, unalalaje?"

"Nimeizoea, mzee. Ikinyamaza ndiyo nashtuka."

Seremala anacheka puani. Anaipapasa nguzo, anapima paa kwa macho, anarudi tena kwenye nguzo. Hakuna anayemharakisha.

"Nguzo mbili na kipande cha paa," anasema mwishowe. "Mbao nilizipigilia mwenyewe, nitazing'oa mwenyewe. Haya binti, mwaga."

Dada Chokaa anamwaga. Kwa haraka yake, mstari unatoka na matege. Msukuma mkokoteni anamwambia asijali, dereva atakuwa amesomea.

Bado ofisi ya jiji haijaukubali mchoro mpya, na ufadhili unaisha baada ya miezi mitatu. Ameomba chuo kimruhusu kufanya utafiti wake wa mwisho hapa hapa, asiondoke kazi ikiwa nusu. Kamati nayo imekubali kuhamishia mikutano jioni, kabla walinzi hawajaenda kazini.

"Gari likipita hapa mara ya kwanza," anasema, akijikung'uta chokaa magotini, "natamani iwe mchana, na huyu kaka mlinzi awe amelala chumbani mwake."