Kijana Aliyekufa kwa Kiswahili

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu nilipogundua kwamba nusu ya tamthilia niliyoipenda kuliko zote haikuwahi kutokea.

Tamthilia yenyewe ilitoka nchi ya baridi. Ilihusu wanafunzi wa sekondari moja, na iliendelea kwa miaka mingi mno, hata wale waliokuwa wakilia kwa sababu ya mitihani mwanzoni walimalizia wakiwa walimu wa shule ileile, wakiwaliza wengine. Mimi na dada yangu tuliifuata tukiwa wadogo, Nsambya, kwenye nyumba za polisi. Baba alikuwa sajenti. Yeye Mlugbara, Mama Mwacholi, na lugha waliyotumia kutongozana ilikuwa Kiswahili cha kambini, kwa hiyo hicho ndicho tulichozungumza nyumbani.

Nje kidogo ya geti kulikuwa na kibanda cha video chenye vijei wake. Vijei, kwa sisi watu wa Kampala, ni mtu anayekaa kando ya televisheni na maikrofoni. Filamu inaongea Kiingereza chake, yeye anaifunika kwa sauti yake na kutuambia kinachosemwa. Wengi walitafsiri kwa Kiganda. Wetu alikuwa Mganda pia, lakini wateja wake walikuwa familia za askari kutoka kaskazini, basi akatafsiri kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho alikuwa amejifunza kwa kusikiliza gwaride kupitia uzio. Matokeo yake, wanafunzi wote wa shule ile waliongea kama makoplo. Msichana wa miaka kumi na mitano alipoachana na mpenzi wake kwenye theluji, alimwambia, "Wewe, sikiriza. Kuanzia leo umevuliwa cheo. Nyuma geuka. Tembea." Na sisi tulilia machozi ya kweli.

Mpenzi wangu mimi alikuwa yule kijana wa koti jekundu. Alikuwa mpenzi wa dada yangu pia, lakini dada alikuwa mkubwa na alijifanya hajali. Mama, aliyekuwa akisema vibanda vya video ni vya wahuni, alianza kuja kutuchunga. Wiki ya pili alikuja na kigoda chake mwenyewe. Wiki ya tatu alituambia tutangulie kwenda kumwekea nafasi.

Kisha siku moja kijana wa koti jekundu hakuonekana. Kanda ilirukaruka kidogo, ikatulia, na shule ikaendelea bila yeye. Vijei aligonga maikrofoni kwa kidole. Halafu akashusha sauti, akatutangazia kwamba kijana amelishwa sumu na mama wa kambo na amefia njiani akipelekwa hospitali.

Kibanda kizima kiliangua kilio. Mama alirudi nyumbani amejifunga kitenge kiunoni kama mtu aliyefiwa, akaketi sakafuni. Hakupika. Baba alipotoka kazini alikuta jiko limepoa, akauliza nani amekufa. Tulipomweleza, alivua kofia yake akafikiri.

"Maiti mmeiona?"

"Vijei amesema," Mama akajibu.

"Hizo ni tetesi. Bila maiti hakuna kesi."

Mama hakumsemesha mpaka Jumapili.

Misimu kadhaa baadaye kijana alitokea tena mlangoni mwa darasa, safari hii amevaa koti la bluu. Vijei alitwambia huyu ni pacha wa marehemu, alilelewa na shangazi, na amekuja kulipiza kisasi. Mama hakumpenda yule pacha hata siku moja. Alisema hana macho ya mwenzake. Mimi nilimwonea huruma, na katika sekondari yote sikuwahi kunywa maji ya matunda aliyotengeneza mama wa kambo wa rafiki yangu, mwanamke mpole kabisa, ambaye hadi leo anaamini nina tatizo la tumbo.

Mwaka huu dada alinipigia simu. Dokumentari imetoka, akasema, kuhusu ile tamthilia yetu, na waigizaji wote wamerudi kusimulia. Siku hizi dada anafanya kazi chuoni Kyambogo na anaishi kulekule. Tulikubaliana Jumamosi mchana, kwake, na Mama lazima awepo. Mama alikuja na kitenge kipya na leso mbili. Dada alimkaribisha pia jirani yake, Mkenya anayefanya kazi kwenye kampuni ya bima. Alikuwa amekulia Nakuru, na aliwahi kusema kwamba yeye pia alikuwa shabiki sugu. Kwao waliiona kwenye televisheni kwa Kiingereza, kila siku baada ya shule.

Chai ikamiminwa, karanga zikawekwa mezani, dada akaketi karibu na Mama amtafsirie. Mwanzo ulikwenda vizuri. Waliwaonyesha wale wasichana wakiwa wadogo na nywele zao kubwa, kisha wakawaonyesha sasa, nasi tukapiga makofi kila mmoja alipoingia kana kwamba wanatusikia. Kisha akaja mwanaume mwenye upara, akaketi kwenye kochi na mbwa miguuni.

"Huyu mzee ni nani?" Mama akauliza.

"Ndiye yule wa koti jekundu," dada akasema.

"Yule alikufa."

"Mwigizaji hakufa, Mama."

"Najua mwigizaji hafi, mimi si mjinga. Lakini sikiliza anavyoongea. Anaongea kama mtu ambaye hajawahi kufa."

Ilikuwa kweli. Mwenye upara alikuwa akisimulia kwa kicheko jinsi alivyovunjika mguu akiteleza kwenye barafu, na waandishi wakalazimika kumtoa kwenye hadithi kwa muda. Jirani akatikisa kichwa kukubali.

"Eh, nakumbuka. Walimpeleka shambani kwa babu yake. Halafu mguu ukapona, akarudi."

"Aliyerudi ni pacha," Mama akasema.

"Pacha gani, Mama?"

Dada alisimamisha dokumentari. Tulimweleza jirani habari za sumu, za mama wa kambo, za shangazi na kisasi. Alituacha tumalize. Kisha akatwambia, kwa adabu zote, kwamba kijana hakuwa na mama wa kambo. Mama yake mzazi alikuwepo muda wote. Ni yule mwanamke wa miwani aliyekuwa akimletea sandwichi.

"Yule ndiye muuaji," nikasema, kabla sijajizuia.

Jirani aliweka kikombe chini akacheka mpaka akalazimika kwenda kusimama barazani. Mama alimtazama kama mtu aliyekuja matangani kubisha kwamba hakuna msiba. Baba akapigiwa simu kijijini, kwa sababu Mama alitaka mtu wa kumuunga mkono, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa kosa. Baba alisikiliza yote. Tulimsikia akivuta pumzi ya furaha.

"Nilisemaje mimi?" akauliza. "Nilisema maiti iko wapi?"

Mama akakata simu. Akatangaza kwamba anataka kuonana na vijei.

Haikuwa vigumu kumpata. Mwenzetu mmoja wa zamani wa Nsambya alikuwa amemwona akiendesha sherehe ya harusi, akatuelekeza Kasubi, ambako ana duka la kukodisha vipaza sauti. Jumamosi iliyofuata tulikwenda, na jirani alikataa katakata kuachwa. Vijei alikuwa na mvi sasa, lakini sauti ni ileile ya kuamrisha.

"Mama Sajenti," akasema. "Kalibu, keti."

Mama hakuketi. "Nimekuja juu ya yule kijana."

Hakuuliza kijana gani. Alivua kofia. "Wa koti jekundu."

"Ulituambia amekufa."

"Nilisema, ndiyo."

"Kwa nini?"

Alitazama vipaza sauti vyake kana kwamba vitamsaidia. "Mama, kanda iliharibika palepale wanapoeleza ameenda wapi. Watu wamejaa, maikrofoni iko mkononi, kijana hayupo, na nyinyi wote mnaniangalia mimi. Mtoto mwenye adabu kama yule hawezi kuondoka bila kuaga. Nikaona huyu lazima amekufa."

"Na sumu?"

"Sumu ilikuja yenyewe."

"Na pacha?" dada akauliza.

"Pacha," akasema, na hapo uso wake ulionyesha kwamba jambo hilo bado linamuumiza. "Siku aliporudi nilishtuka kuliko nyinyi."

"Ungesema amefufuka," nikamwambia.

"Mimi mtu wa kanisa," akajibu. "Siwezi kucheza na mambo hayo."

Mama alilitafakari jibu hilo, naona alikuta lina heshima ndani yake, maana alivuta kiti akaketi. Dada akatoa simu, akamwonyesha vijei ile dokumentari, aone mwenyewe ubaya aliotufanyia. Hakuwahi kuiona. Aliinama juu ya kioo, akamtazama mwenye upara na mbwa wake, na kabla hatujajua anachofanya mkono wake ulikuwa umeshachukua maikrofoni mezani. Akawasha kipaza sauti.

"Mimi ni pacha," mwenye upara akasema kwa sauti ya gwaride, mtaa mzima wa Kasubi ukasikia. "Kaka yangu aliniachia huyu mbwa. Huyu mbwa aliona kila kitu. Huyu mbwa ni shahidi wa serikali."

Mama akatoa leso ya kwanza. "Nilijua tu," akasema.

Wanawake wa saluni ya jirani walikuja kusimama mlangoni, mmoja akiwa na nywele nusu zimesukwa. Mtayarishaji wa tamthilia, mwanamke aliyekuwa akieleza mambo ya bajeti, aligeuka kuwa mpelelezi mkuu. Msichana wa theluji akaomba msamaha kwa kumvua mtu cheo bila kufuata utaratibu. Niliangalia upande wa jirani yetu, yeye aliyekuwa ameisikia tamthilia nzima kwa Kiingereza safi, nikamkuta amesogea mbele kwenye benchi, mikono mashavuni.

"Na yule mama wa miwani?" akamuuliza vijei.

"Yuko ndani. Maisha."

"Sawa," jirani akasema, akakaa vizuri.

Kukafika familia iliyotaka kukodi vipaza sauti kwa ajili ya harusi. Vijei aliwaashiria wangoje, bila kuondoa maikrofoni mdomoni. Walisimama kidogo, wakaanza kutafuta pa kukaa. Bibi harusi alipata nafasi kando ya Mama, akauliza kwa sauti ya chini huyu mwenye upara ni nani, na Mama akamshika mkono akaanza kumweleza.