Kompyuta imeniita Mama Upendo

Jamani, leo kompyuta imeniita Mama Upendo!

Nilikwenda darasani Msamala kumwambia Dada Sabina, anayetufundisha kompyuta, kwamba naacha. Lile dirisha jeusi la kuandikia amri lilinishinda. Kila mstari unaanza na maneno nisiyoyaelewa, utadhani ninagombezwa.

Dada Sabina hakubishana. Aliandika amri mbili tu. Herufi zikageuka kijani kama mahindi machanga, na pale mwanzo wa mstari pakasomeka: Mama Upendo.

Machozi yalinilenga.

Halafu huyo dada akafunga dirisha! Alipofungua tena, weusi uleule, jina hakuna.

“Dada, mbona umenifutia mwanangu?”

“Ukifunga, dirisha linasahau. Sasa andika wewe amri zilezile, nakusomea.”

Upendo yuko mgongoni ananivuta kilemba, mimi natafuta herufi moja moja. Nikakosea, nikafuta, nikarudia.

Kijani! Mama Upendo!

“Haya, si ulikuja kuaga?” akaniuliza.

“Kumuaga nani? Kesho unifundishe namna ya kulifanya dirisha lisisahau.”

Huyu dada Mungu ambariki, hakunibembeleza hata kwa neno moja.

Wenzangu wa huku kwetu Mfaranyaki, ninyi mngeandika jina la nani?