Casilda na kovu la patasi ya Fermín

Saa tatu asubuhi, na harufu ya gundi ya ngozi ya sungura imeshatoka dirishani, imevuka uchochoro na kuingia jikoni kwa jirani.

"We Casilda! Leo unachemsha nini, soksi?" anapaza sauti Obdulia, mshika funguo za kanisa la kijiji cha Valdehornos.

"Za mumeo! Si uliziacha kambani jana?" anajibu Casilda Redondo, mpaka rangi wa sanamu za kanisa, huku akikoroga taratibu. Gundi hii hupashwa tu, ikichemka, imeharibika.

Tangu Kwaresima ianze, hii ni mara ya tano anaiandaa pamoja na jasi ya kupakwa kabla ya rangi. Mara nne imeganda sufuriani, brashi haijachovywa.

Mbele yake umesimama ubao wa mti wa jozi: Maria anamkumbatia Elisabeti mlangoni. Umechongwa wote, lakini haujapakwa hata tone la rangi. Aliuchonga mumewe, Fermín, aliyefariki miaka miwili iliyopita.

Kwa miaka thelathini na minne mume alichonga, mke akapaka. Ubao kama huu uliwachukua miezi minne, ukawapa euro elfu tatu hivi. Mara nyingi chakula kilikuwa supu ya vitunguu saumu na mkate wa jana.

"Nilikuwa namsuta huyo!" anasema Casilda. "Fermín, umemwotesha Bikira ndevu! Fermín, malaika gani ana goti la ngamia? Naye ananijibu: 'Ndiyo maana nikakuoa, uzibe.'"

Na kuziba ndiyo kazi yenyewe. Tabaka nane za jasi, kisha msasa. Dhahabu hubandikwa, husuguliwa kwa jiwe la akiki, hupakwa rangi iliyochanganywa na kiini cha yai, halafu rangi hukwanguliwa mpaka dhahabu ichungulie. Nyuso husuguliwa kwa kipande cha kibofu cha kondoo kilicholoweshwa, hadi zing'ae. Ukimaliza, huoni alama hata moja ya patasi.

Hapo ndipo Casilda alipokwama.

"Kila mkwaruzo hapa ni mkono wake," anasema, akipitisha kidole kwenye joho la Maria. "Hapa alikuwa na nguvu. Hapa alikuwa amechoka. Nikipaka jasi, ndiyo basi tena, nimemzika mara ya pili. Nina hamu naye mpaka mifupa inaniuma."

Shavuni mwa Elisabeti kuna kovu refu kama ukucha. Wiki ya mwisho mkono wa Fermín ulitetemeka, patasi ikateleza.

"Akaitupa chini, akalia. Nikamwambia, nyamaza mzee, nitaliziba. Nilimwahidi."

Obdulia anaingia bila kubisha, aproni kiunoni. Ubao wa zamani wa kanisa uliliwa na wadudu, na pale altareni pamebaki shimo tupu.

"Sikukuu ya Maria kumtembelea Elisabeti imebaki wiki sita, shoga. Kijiji kizima tumebaki watu arobaini na mmoja, na mwaka jana tuliandamana na picha ya kalenda. Ya kalenda! Mama yangu ana miaka tisini na mitatu, anasema hafi mpaka auone ubao huu. Mimi sitaki afe, lakini na wewe usizidi!"

Casilda anacheka, kisha machozi yanamtoka. Anayafuta kwa mkono wa shati, anachovya brashi.

"Nisamehe, mzee wangu," anasema, na jasi ya kwanza inatua kwenye joho la Maria.

Anapaka mikunjo, mikono, paji la uso. Akifika kwenye kovu anapitisha brashi mara moja tu, nyepesi, kisha anaipangusa jasi kwa kitambaa.

"Hapo hujaziba," Obdulia anamwonyesha.

"Nimeona."

"Si ulimwahidi?"

"Nilimwahidi. Atanisamehe na hili. Elisabeti alikuwa bibi kizee, Obdulia. Bibi kizee gani hana kunjo shavuni?"

Tabaka saba zilizobaki zitafuata, lakini kovu halitaongezwa jasi. Watu watasema macho ya Casilda yamekwisha, na yeye anasema waache waseme. Ana ombi moja tu kwa mshika funguo.

"Msiutundike juu kama ule wa zamani. Uwekeni chini, pale mkono wangu unapofika."

Obdulia anautazama mkono ule mfupi, wenye jasi hadi kiwikoni.

"Nyoosha ukutani basi," anasema, akitoa chaki kwenye aproni. "Niupime."